Firefox, Chromium au kingine? Kuchagua kivinjari kwa aliyehamia Linux au BSD

Swali la kwanza la mtu aliyehamia Linux karibu kila mara ni lile lile: "Chrome nitaipata?" Utaipata. Swali lisilomjia kichwani, na ambalo baadaye ndilo humtoa jasho, ni kivinjari hicho kimetoka wapi na nani atakisasisha. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, yaani Linux na BSD, Firefox yako na Firefox ya mwenzako zinaweza kufanana sura na bado zikatofautiana tabia, kwa sababu moja ilitoka kwenye ghala la programu la distro (toleo la Linux kama Debian, Ubuntu au Fedora), nyingine ilikuja kama snap (kifurushi kinachofungiwa ndani ya uzio wake), na ya tatu ilipakuliwa moja kwa moja kutoka Mozilla, wanaotengeneza Firefox. Kwa hiyo nalinganisha vitu viwili kwa pamoja: vivinjari vyenyewe, na njia zinazovifikisha kwenye kompyuta yako.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mgeni aanze na Firefox iliyokuja na distro yake, aweke Chromium pembeni kama akiba, na ajifunze kivinjari kimoja cha terminali, yaani dirisha la kuandikia amri kwa maandishi matupu. Wapo ambao ushauri huu hauwafai, nao nitawafikia.

Majina mengi, injini tatu

Ukifungua sehemu ya kusakinisha programu utakutana na orodha ndefu ya vivinjari, na mgeni huona kama kuna chaguo ishirini. Karibu vyote vinaendeshwa na injini tatu. Injini ni ile sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini. Blink imo ndani ya Chrome, Chromium, Edge, Brave, Opera na Vivaldi. Gecko imo ndani ya Firefox na ndugu zake LibreWolf na Tor Browser. WebKit imo ndani ya GNOME Web, ambayo wengi bado tunaiita kwa jina lake la zamani, Epiphany.

Hili lina maana kubwa siku tovuti inapogoma. Ukitoka Chromium ukaenda Brave, injini ni ile ile na tatizo huenda likakusubiri huko huko. Ukitoka Chromium ukaenda Firefox, umebadilisha injini kweli, na hapo unaweza kujua kama kosa ni la tovuti au la kivinjari. Ndiyo maana nasema uwe na viwili vya injini tofauti, si vitano vya injini moja.

Na kama una wasiwasi kwamba Linux ni mgeni kwenye mambo ya wavuti, ujue mambo yalianzia huku. Kivinjari cha kwanza kabisa, alichokiandika Tim Berners-Lee mwaka 1990, kiliendeshwa kwenye NeXTSTEP, mfumo wa jamii ya Unix. Injini ya KHTML iliandikwa na watu wa KDE, mradi wa eneokazi la Linux, kwa ajili ya kivinjari chao Konqueror. Apple wakauchukua msimbo huo mwaka 2001 na kuujenga ukawa WebKit, na mwaka 2013 Google wakachepuka kutoka WebKit na kuanzisha Blink. Yaani Chrome ya kwenye simu yako ina damu ya eneokazi la Linux.

Firefox na Chromium ana kwa ana

Kwanza tutenganishe Chrome na Chromium, maana wageni wengi husakinisha cha pili wakidhani wamepata cha kwanza. Chromium ni mradi wa msimbo huria, na Chrome hujengwa na Google juu yake. Sura ni moja na mipangilio karibu ni ile ile, lakini vitu viwili hukosekana. Tangu tarehe 15 Machi 2021 Google ilifunga usawazishaji wa akaunti yake kwenye Chromium, kwa hiyo alamisho na manenosiri uliyohifadhi kwenye Chrome ya simu hayatakufuata huku. Pia Widevine, kile kijenzi kinachofungua video zilizolindwa za huduma za kulipia, kwa kawaida hakimo.

Chrome yenyewe ina vyote viwili. Haimo kwenye ghala la Debian kwa sababu si programu huria. Unapakua faili la .deb au .rpm, yaani kifurushi cha kusakinisha, kutoka Google, na ukishalisakinisha linaongeza ghala la Google kwenye mfumo wako ili masasisho yaje pamoja na ya programu nyingine. Inataka mashine ya biti 64. Toleo la biti 32 la Linux lilikoma mwaka 2016.

Firefox inakupunguzia hesabu hizi. Ukifungua video iliyolindwa kwa mara ya kwanza, ujumbe hujitokeza juu ya ukurasa ukiomba ruhusa ya kuwasha DRM (kinga ya video za kulipia). Ukikubali, inapakua Widevine yenyewe. Usawazishaji hutumia akaunti ya Mozilla, na hufanya kazi vile vile iwe Firefox ni ya Debian, ya snap au ya simu. Vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari, vya kila tovuti huwekwa kwenye chungu chake tangu 2022, bila wewe kugusa mpangilio wowote, hivyo kampuni za matangazo hupata shida kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Kwenye viendelezi, programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, ndipo ninapoona tofauti inayopita zote. Google imeuondoa mfumo wa zamani wa viendelezi, Manifest V2, na uBlock Origin kamili, kiendelezi cha kuzuia matangazo, ikaondoka nao. Upande wa Chrome imebaki ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite. Firefox bado inaipokea ile kamili. Kwa mtu mwenye kompyuta ya miaka kumi hili si suala la kukerwa na matangazo tu. Ukurasa wa habari uliobeba misimbo ya watangazaji huitoa processor jasho. Ukiizuia, mashine ile ile hupumua. Nikimsaidia mtu kuweka Linux, uBlock Origin ndicho kitu cha kwanza ninachosakinisha baada ya kivinjari chenyewe.

Chromium nayo ina pale inapoishinda Firefox waziwazi. Zipo tovuti, hasa za mikutano ya video na za kazi za ofisi, ambazo waliozijenga walizijaribu kwenye Blink pekee. Kwenye Firefox kitufe hakiitikii au sauti haitoki. Chromium pia inaweza kuigeuza tovuti kuwa dirisha linalojitegemea lenye ikoni yake kwenye menyu. Kama siku yako yote inapita ndani ya programu mbili tatu za wavuti, uwezo huo utakufaa sana, na wewe ni mmoja wa wale niliosema ushauri wangu hauwafai: fanya Chromium au Chrome iwe ya kwanza.

Kuhusu RAM, sitakudanganya. Vyote viwili vinakula. Kwenye GB 4 chochote kitakwenda ukijizuia kwenye vichupo vichache, na kwenye GB 2 utateseka na vyote. Cha kujifunza ni kuangalia nani anakula: kwenye Firefox andika about:processes pale pa anwani, kwenye Chromium bonyeza Shift na Esc, na utaona kila kichupo na mzigo wake. Kivinjari kikizimika ghafla bila neno, usikimbilie kukisakinisha upya. Mara nyingi ni mfumo wenyewe umekiua kwa sababu RAM ilikwisha.

Kwenye video, ukisikia feni ya laptop inalia, chunguza kama kazi inafanywa na chipu ya picha au na processor. Firefox iliwasha usaidizi huo kwa chipu za Intel kwenye Linux katika toleo la 115, mwaka 2023. Ukurasa wa about:support utakuonyesha hali yako. Kwenye Chromium angalia chrome://gpu, na ujiandae kuchokonoa mipangilio zaidi.

Kisanduku kinachowatisha wageni

Jambo moja linalohusu Chrome na Chromium linastahili kuangaliwa kwa karibu. Umeweka kompyuta iingie yenyewe bila kuuliza nenosiri. Unafungua Chrome, na kabla ukurasa wowote haujatokea, kisanduku kinakatiza skrini kikisema hazina ya funguo haikufunguliwa ulipoingia, andika nenosiri. Mgeni hudhani amedukuliwa.

Hakuna aliyekudukua. Chrome huhifadhi ufunguo wa manenosiri yako kwenye hazina ya mfumo, GNOME Keyring au KWallet. Hazina hiyo kwa kawaida hufunguliwa na nenosiri unaloandika wakati wa kuingia, na kwa kuwa hukuandika lolote, imebaki imefungwa. Andika nenosiri lako la kuingia na kisanduku kitaondoka. Ukitaka kisirudi, rudisha utaratibu wa kuingia kwa nenosiri. Utakutana na watu wanaoshauri uiwekee hazina nenosiri tupu. Hilo huondoa kisanduku, lakini huacha manenosiri yako wazi kwenye diski kwa yeyote atakayeifikia. Firefox kwa kawaida haitumii hazina hiyo, ndiyo maana haikuulizi. Kule, kama unataka ulinzi wa aina hiyo, unaweka nenosiri kuu kwenye mipangilio yake mwenyewe.

Na hili ni kwa vyote viwili: usifungue kivinjari kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Chromium itakataa kuendeshwa na root na kukutajia --no-sandbox, na ushauri wa kuongeza neno hilo umesambaa kila mahali. Usiufuate, maana unaondoa ukuta unaotenganisha ukurasa wa mtu usiyemjua na kompyuta yako. Ukiilazimisha Firefox kwa root, unaweza kuacha faili za wasifu wako (mipangilio na alamisho za kivinjari) zikimilikiwa na root, na kesho ukifungua kama kawaida inagoma.

Kimetoka wapi?

Mtu wa Windows amezoea kwenda kwenye tovuti, kupakua faili la kusakinisha, kubofya "ndiyo" mara nne. Huku njia ya kawaida ni kuomba kwenye ghala la distro. Kwenye Debian ni `sudo apt install firefox-esr`, kwenye Fedora `sudo dnf install firefox`, kwenye FreeBSD `pkg install firefox` ukiwa root. Kuanzia hapo sasisho la mfumo mzima hukisasisha na kivinjari. Firefox ikisasishwa ukiwa unaitumia, kichupo kipya kitakuambia uifungue upya kabla ya kuendelea. Si hitilafu, ni kwamba faili zimebadilishwa ikiwa inatembea.

Ile "esr" ya Debian ni toleo la muda mrefu. Hupokea marekebisho ya usalama kwa zaidi kidogo ya mwaka mmoja bila vitu vipya kukurupuka. Kwa mgeni naipenda sana, kwa sababu vitufe havihami mahali ukiwa bado unajifunza mfumo wenyewe. Kama unataka Firefox ya mwezi huu, Mozilla wana ghala lao la .deb tangu mwanzoni mwa 2024, nalo ni njia safi kuliko kupakua faili lililobanwa na kulifungua kwa mkono.

Ubuntu ina njia yake. Tangu toleo la 22.04 Firefox huja kama snap, na ukiandika `apt install firefox` utapewa snap hiyo hiyo. Chromium ilitangulia kufanywa hivyo, kwenye 19.10. Faida ya snap ni kwamba Mozilla wenyewe huitoa na sasisho hufika haraka, tena kivinjari hufungiwa ndani ya uzio. Hasara utaiona kwa vitendo. Hifadhi ukurasa kwenye /tmp, folda ya faili za muda, kisha ufungue kwa `firefox /tmp/ukurasa.html`. Kivinjari kinasema faili halipo. Unarudi kwenye terminali, unaandika `ls /tmp`, na faili ndilo hilo linakutazama. Snap ina /tmp yake ya faragha, na ile ya mfumo haioni. Vivyo hivyo na folda zilizofichwa ndani ya nyumba yako, zile zinazoanza na nukta. Dawa ni kuweka faili mahali pa wazi, kama folda ya vipakuliwa.

Flatpak, aina nyingine ya kifurushi, ni uzio wa namna nyingine, wenye kanuni zinazokaribiana na hizo. Tatizo linalowapata wengi kwenye nyuzio zote mbili ni kiendelezi cha kutunza manenosiri kushindwa kuongea na programu yake iliyo nje ya uzio. Kama unategemea mtunzaji wa aina hiyo, chukua kifurushi cha kawaida cha distro ujiepushie usumbufu.

Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine, alamisho zako zitaonekana zimepotea. Hazijapotea. Firefox ya snap huweka wasifu ndani ya ~/snap/firefox/common, ya Flatpak ndani ya ~/.var/app/org.mozilla.firefox, na ya kawaida, kwa desturi ya miaka mingi, ndani ya ~/.mozilla/firefox. Sawazisha kwa akaunti ya Mozilla kabla ya kuhama, au nakili folda ya wasifu kivinjari kikiwa kimefungwa.

Vyepesi kwa mashine dhaifu

GNOME Web ni nadhifu, inaenda vizuri na padi ya laptop, na inaweza kusawazisha na akaunti ya Mozilla. Kwa kusoma na barua pepe inatosha. Viendelezi ndiyo udhaifu wake. Kwenye Debian kifurushi chake ni epiphany-browser. Ukiomba "epiphany" tupu utapata mchezo wa kuchimba almasi, na wapo walioshangaa.

Falkon, ya watu wa KDE, huvutia kwa wepesi wake, lakini ndani ina Blink iliyopitia QtWebEngine, kifurushi kinachoiwezesha programu nyingine kuitumia injini hiyo. Hapo ndipo penye tahadhari. Maelezo ya matoleo ya Debian yanasema wazi kwamba kwa matumizi ya jumla ya wavuti wanapendekeza Firefox au Chromium, kwa sababu injini nyingine kadhaa haziwezi kufuatwa na marekebisho ya usalama kwa kasi inayotakiwa. Falkon ya kusomea makala, sawa. Falkon ya kuingilia akaunti ya fedha, mimi sifanyi.

Dillo na NetSurf ni vidogo kweli kweli. Dillo haiendeshi JavaScript kabisa, na kwa kurasa za maandishi hufunguka kabla hujainua kidole. Kwa tovuti za kisasa zinazojengwa na JavaScript utaona ukurasa mweupe. Kama mashine yako ni ya biti 32, uwanja umebana zaidi: Mozilla waliacha kuitengenezea Linux ya biti 32 kuanzia Firefox 145, na vidogo hivi ndivyo vitakavyoendelea kukuhudumia.

Ukiwa kwenye BSD

Chrome ya Google haitolewi kwa FreeBSD wala OpenBSD. Chromium ipo, Firefox ipo. Video zilizolindwa ndizo zitakazokukwamisha, kwa kuwa Widevine haitengenezwi kwa mifumo hiyo. Kama burudani yako yote iko kwenye huduma za kulipia, Linux itakupa raha zaidi, na ni vyema ulijue hilo kabla ya kufuta diski.

OpenBSD ina jambo linalowachanganya wote siku ya kwanza. Unataka kupakia picha iliyo kwenye folda ya nyaraka, dirisha la kuchagua faili linafunguka, na folda haionekani. Vivinjari huko vimefungwa kwa pledge na unveil, vizuizi vya OpenBSD vya kile programu inachoruhusiwa kufanya na kuona, na kwa faili zako mwenyewe vinaruhusiwa ~/Downloads. Hamishia picha humo, pakia, endelea. Ukishaelewa kwamba ukurasa wenye nia mbaya nao hauwezi kufikia funguo zako za SSH, zile za kuingilia kompyuta nyingine, utaupenda mpango huu.

Vya terminali

Wengi huona Lynx, w3m na Links ni vitu vya makumbusho. Mimi nawahimiza wageni wasakinishe kimoja siku ile ile ya kwanza, wakati kila kitu bado kinafanya kazi.

Lynx ilianzia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992 na bado inatunzwa. Mishale ya juu na chini hukurusha kutoka kiungo hadi kiungo, wa kulia hufuata kiungo, wa kushoto hukurudisha ulikotoka. Huuliza kuhusu vidakuzi kila mara, na hilo huchosha. Jibu A kwa "daima". Majedwali huyavuruga. w3m huyachora majedwali vizuri zaidi: Tab kwenda kiungo kinachofuata, Enter kufungua, B kubwa kurudi, U kubwa kuandika anwani. Links ina menyu zinazofunguka kwa Esc, hivyo huhitaji kukariri herufi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kinachokupa JavaScript, basi sahau kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Kwa msomaji wa kurasa za msaada ningechagua w3m.

Siku yake itafika baada ya sasisho la dereva wa picha. Kompyuta inawaka, eneokazi halitokei, skrini ni nyeusi. Bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia kwa jina na nenosiri, kisha andika `w3m` na anwani ya wiki ya distro yako. Maandishi yanajipanga kwenye ile skrini nyeusi, unasoma jina la kifurushi cha kurudisha nyuma, unabonyeza Ctrl, Alt na F4 kufungua konsoli ya pili, na unaandika amri huku ukirudi F3 kusoma mstari unaofuata.